Makofi ya kubandika

Shemeji alisema neno Jumapili, pilau ikiwa bado mezani, na mpaka leo halijanitoka. Nilikuwa nimeweka Weld, ile albamu ya laivu, yaani iliyorekodiwa jukwaani mbele ya watu, ya mwanaroki Neil Young na bendi yake Crazy Horse, ya 1991. Akasikiliza kidogo, akajifuta mkono, akasema: "Hii si laivu bwana. Wamepiga studio, wakabandika makofi." Umejuaje, shemeji? "Makofi yote yanafanana." Akaomba kachumbari.

Wiki hii Mama karuhusiwa hospitali, kazini tumehamishwa jengo, mtungi wa gesi unanuka, na mimi kichwani ni hilo hilo: makofi yote yanafanana.

Makofi ya watu elfu kumi lazima yafanane! Ukitaka kumnasa mdanganyifu, sikiliza mluzi. Kila umati una mtu wake anayepiga mluzi au kupayuka. Ukimsikia yuleyule, kwa sauti ileile, baada ya wimbo wa tatu na tena baada ya wa saba, hapo kuna kipande kimerudiwa. Halafu sikiliza matoazi. Maiki ya mwimbaji iko mita chache tu mbele ya ngoma, kwa hiyo inabeba matoazi mengi bila kuombwa. Fundi akiifunga mwimbaji anaponyamaza, matoazi yanakauka ghafla, na akiifungua yanang'aa tena. Mwimbaji akirudia sauti yake studio ni balaa zaidi, maana sauti ya zamani ilishapitia spika za jukwaani ikaingia kwenye maiki za ngoma, na huko haitoki. Utawasikia wawili, mmoja mbele na mwingine yuko stoo.

Si kwamba hakuna wanaorudia. Bendi ya roki ya The Who ilipotoa laivu yake ya mji wa Leeds, Uingereza, mwaka 1970, sauti za kuitikia ziliimbwa upya studio, na bado ile ni laivu kwelikweli. Lakini Weld? Young anapiga gitaa la umeme aina ya Les Paul la 1953 lililopakwa rangi nyeusi, linaingia kwenye kiampu, kikuza sauti kidogo cha Fender kilichofunguliwa mpaka kinakoroma. Ile fidbaki, mlio unaojizalisha gitaa likiielekea spika, inategemea umesimama wapi, umegeukia wapi na ukumbi una ukubwa gani. Ukisogea hatua moja, noti inabadilika. Kutoka kwenye mianzo na miisho ya nyimbo yenye mlio wa namna hiyo, katika ziara ileile iliyozaa Weld, alishonelea albamu ya Arc, dakika 35 za kelele tupu.

Na hayo makofi yenyewe yana kazi yake. Maiki za jukwaani zinanasa vyombo kwa karibu, hazinasi ukumbi, kwa hiyo unaweka nyingine zikiwaelekea watu: jozi moja pembeni mwa jukwaa, nyingine kule nyuma. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Maiki iliyo mita 30 nyuma inapokea ngoma ikiwa imechelewa karibu sehemu 9 za 100 za sekunde. Ukizichanganya hivyo hivyo, kila pigo la ngoma linakuwa mawili. Siku hizi unaivuta sauti hiyo mbele kwenye kompyuta. Enzi za tepu, fundi alishusha sauti ya maiki hizo wimbo ukipigwa, akaipandisha ukikaribia kuisha. Ndiyo maana makofi kwenye laivu za zamani yanafura taratibu, na ndiyo maana mtu akiwa na pilau mdomoni anadhani yamebandikwa.

Tepu nayo ina mwisho. Gurudumu moja la tepu la futi 2,500 kwa mwendo wa inchi 30 kwa sekunde ni dakika 16 na ushei. Kwenye Weld kuna wimbo mmoja wa dakika 14. Kwa bendi ya namna hiyo unahitaji mashine mbili, ya pili ianze kabla ya ya kwanza kumaliza, la sivyo solo inakatikia hewani.

Juzi usiku nikajikuta nacheka peke yangu. Kumbe jibu la kumpa shemeji lilikuwepo, na ni tamu: huyu Young alishafanya kinyume chake! Albamu yake Rust Never Sleeps ya 1979, sehemu kubwa ni nyimbo mpya zilizorekodiwa mbele ya watu mwaka 1978, kisha akaongeza vitu studio na makofi akayaondoa kadiri alivyoweza. Ukitega sikio kwenye wimbo wa kwanza na wa mwisho, watu bado wapo. Mwaka huohuo akatoa Live Rust kutoka ziara ileile, makofi yakiwa pale pale. Nimeshamwekea shemeji zote mbili kwenye flashi, ya makofi na ya bila makofi, asikilize kwenye gari.

Ila furaha hiyo haikudumu. Young mwenyewe alisema kuchanganya sauti za Weld kulimuumiza masikio, ndiyo sababu ya ule upole wa albamu yake Harvest Moon mwaka 1992. Nikashusha sauti.

Na mtungi wa gesi bado unanuka. Nimebadilisha pete ya mpira ya regyuleta, nikapaka povu la sabuni, viputo vinatoka palepale kwenye shingo ya mtungi, kwa hiyo tatizo ni vali. Dukani hawafungui mpaka Jumatatu. Nimeutoa uani, lakini huko ndiko watoto wa jirani wanakochezea.