Siku moja na AS/400: "Sistimu imekufa" haijawahi kuwa meseji

Nikisema nafanya IT watu wanadhani naunda app. Mimi nashinda mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, AS/400, mashine ya IBM iliyotoka 1988 na siku hizi mfumo wake unaitwa IBM i, nasoma meseji za makosa ambazo wenzangu hawana hamu ya kuzisoma.

Saa moja na nusu asubuhi: DSPMSG QSYSOPR, amri ya kuona meseji za mwendeshaji wa sistimu. Bakapu imeisha salama, printa inalalamikia fomu kama kawaida yake, najibu, yanaisha.

Saa tatu: simu ya dada wa uhasibu. "Kaka, sistimu imekufa." Haijafa. Meseji inasemaje? "Maneno mengi tu, inaanza na CPF." Dada yangu, hizo meseji za sistimu zinazoanza na CPF ziko maelfu! Namwomba picha. Angalau alibonyeza F1, kitufe cha maelezo, maana juu nasoma CPF9999, lakini chini yake ni kidole chake gumba.

Sasa wasioijua hii kazi wanaona si ufungue tu maelezo ya hiyo namba yakuambie. Nikaandika DSPMSGD CPF9999 na kweli maelezo yakaja toka QCPFMSG, faili la meseji za sistimu, ila yanasema kuna kosa &1 ambalo programu &2 haikulishughulikia. &1 ndo nini? Ndo penyewe ninapopatafuta, na hapo pamefunikwa na kidole. Sasa hizo nafasi nitazikuta zimejazwa kwenye logi ya jobu, yaani kumbukumbu ya kikao chake, kwa hiyo nikamwambia usitoke, baki hapohapo. "Aah, nimeshatoka nikaingia upya, nilijua itakaa sawa." SIGNOFF ya kawaida haihifadhi logi. Imekwenda hiyo.

Basi arudie. Nikamsisitiza ikikuuliza uchague C, G, D au F ujibu D, tupate dampu, yaani chapisho la data ya programu ilipokwama. Kimya kirefu, halafu "nimeweka C, si ni ya kuendelea?" C ni ya kukatisha jamani!! Ila safari hii hakutoka, nikaingia jobu yake kwa WRKJOB, chaguo la 10, F10 nione zote, nikawa napanda juu maana meseji ya mwisho huwa ni mwangwi tu, kosa lenyewe liko juu yake: MCH1202, data ya desimali mbovu, na namba ya mstari wa programu ipo.

Mchana sijui ulipita saa ngapi. Mstari huo unajumlisha sehemu ya kiasi, nikafungua rekodi kwa heksi, yaani baiti zenyewe kwa namba, moja katikati ya nzima imeandika 40 40 40, yaani nafasi tupu mahali pa tarakimu, sifuri ingekuwa F0. Imefikaje? Kuna mtu wa idara nyingine alinakili faili kwa amri ya CPYF na chaguo la *NOCHK, ambayo inahamisha baiti bila kuangalia zinaangukia sehemu gani. Nikamwuliza, akasema "lakini ilikubali". Ilikubali ndiyo, si umeiambia isikague!

Jioni, macho yanawasha, rekodi imerekebishwa, ripoti imetoka. Dada wa uhasibu kapiga tena: "Asante kaka, ila mbona leo sistimu ilikuwa slo sana?" Nimemwambia nitaangalia kesho, na aniandikie herufi na tarakimu zote saba za meseji, kidole akiweke pembeni.