Kisumu hadi Busia na Taa Iliyozima

Nilitoka Kondele saa tatu asubuhi, na hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa kwenda Busia kwa baiskeli hutoka alfajiri, maana ana zaidi ya kilomita mia moja mbele yake, na ule mlima wa kutoka Kisian kupanda Maseno haumwonei mtu huruma. Kisingizio changu ni kwamba nilikuwa nimekaa Utrecht miaka miwili, na Uholanzi ni tambarare kama meza. Miguu ilikuwa imesahau.

Nilichorudi nacho kutoka kule ni taa mbili ndogo za kuchaji, nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma. Mwezi wa Desemba jua la Utrecht hutua saa kumi na nusu jioni, na watu wazima kwa watoto huenda nyumbani gizani wakipiga pedali. Sheria ya Uholanzi haimlazimishi mwendesha baiskeli kuvaa helmeti, lakini usiku bila taa utatozwa faini. Unaruhusiwa hata kuibana kwenye koti, mradi isiwe ya kuwaka na kuzima. Ukivuka bahari ukaingia Uingereza, ya kuwaka na kuzima ni halali tangu 2005. Kila nchi na ukaidi wake. Mwanzoni nilijiuliza taa ni ya nini katika mji ambao kila mtaa unawaka. Ilinichukua majuma kadhaa kuelewa kuwa wale watu hawawashi taa ili waone. Wanawasha ili waonekane.

Maseno nilipita kibao cha ikweta bila kupiga picha, pumzi zimeniisha. Karibu na Yala mvua ikanishika, nikajibanza chini ya mabati ya duka pamoja na mzee mmoja mwenye baiskeli ya zamani ya Black Mamba, ile yenye dinamo ubavuni mwa gurudumu, kijimashine kinachozungushwa na tairi kuipa taa umeme. Sikuwa nimeona dinamo ya hivyo tangu utotoni. Mzee alikuwa ameiinua isiguse tairi.

"Mzee, hii bado inafanya kazi?"

"Inafanya, kijana wangu. Lakini nikiiteremsha baiskeli inakuwa nzito, kama nimepakia gunia."

"Na ukisimama?"

"Nikisimama tunazimika wote wawili."

Nikamweleza kuwa siku hizi kuna taa za dinamo zinazoweka akiba ya umeme kidogo, ukisimama kwenye makutano zinaendelea kuwaka dakika kadhaa. Akauliza bei. Nilipoitaja alicheka hadi akashika nguzo. Kisha akanionyesha nyuma ya keria: alikuwa amefunga sidi kuukuu kwa mpira wa tyubu, upande unaong'aa ukitazama nyuma. "Hii haili umeme," akasema. Ile sidi ilinigusa. Mzee hajawahi kukanyaga Utrecht na jambo lenyewe analijua.

Mvua ilikatika saa tisa na nusu. Yala, Ugunja, Sega. Nilizipita kwa haraka ya mtu anayedaiwa. Upande huu wa dunia jua halikupi nafasi ya kujipanga: likishatua, nusu saa haiishi kabla giza halijafunga. Nilipofika Bumala akina mama wa samaki walikuwa wamewasha koroboi, na nakuapia, kimuali kile kilionekana kutoka mbali kuliko pikipiki tatu zilizonipita. Nikasimama kwa majivuno nitoe taa zangu. Ya mbele ikawaka. Ya nyuma kimya. Swichi ilikuwa imebonyezwa ndani ya mkoba, ikawaka kutwa nzima ikiziangazia soksi zangu, chaji ikaisha.

Malori ya Uganda hayana mchezo pale, na trekta za miwa huburuta trela zisizo na hata kipande chekundu nyuma. Nilikwenda stejini nikaomba kijana mmoja wa bodaboda anifuate nyuma hadi Busia, nimlipe mafuta.

"Nikufuate tu? Si upande, bosi, baiskeli tuifunge nyuma?"

"Nifuate tu. Wewe ndiye taa yangu."

Alikuwa amevaa koti zito mbele-nyuma, zipu mgongoni, kujikinga na upepo. Reflekta, ile fulana ya kung'aa, ilikuwepo, kama sheria ya Kenya inavyotaka kwa dereva na abiria, lakini chini ya koti. Nilimwomba aivae juu. Akaivaa, akijiona kama polisi. Tatizo likaja kwenye miteremko: alizima injini kuokoa petroli, na taa ikafa nayo. Pikipiki nyingi ndogo taa kubwa hula umeme moja kwa moja kutoka kwa injini inayozunguka, kwa hiyo ni ile dinamo ya mzee tu, imebadilisha nguo. Mara ya tatu nilipiga kelele, akaacha kuzima.

Tulipumzika kidogo, nikamwambia kuwa India, tangu Aprili 2017, pikipiki mpya hutoka kiwandani taa ikiwaka muda wote injini ikiwaka, na kwamba Malaysia waliwaamuru waendesha pikipiki kuwasha taa mchana tangu 1992.

"Mchana?" Akafumba na kufumbua vidole hewani, ile ishara tunayompa dereva aliyesahau kuzima taa mchana. "Watu watanichosha na hii mpaka jioni."

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nimewapa watu ishara hiyo miaka yote, nikidhani nawasaidia.

Busia tuliingia karibu saa tatu usiku. Tulikula ugali na samaki kwenye kibanda karibu na mpaka, pale ambapo inasemekana jina boda lilizaliwa, waendesha baiskeli wakiwavusha watu kati ya vituo viwili. Taa yangu nyekundu ikachajiwa kwenye soketi ya mwenye kibanda. Nilipotoa pesa ya mafuta kijana alizikataa. Alitaka ile taa.

Nikampa. Aliigeuza mkononi, akaiweka kwenye kuwaka na kuzima, akaifunga mbele, juu kabisa ya usukani, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Kisha akavaa koti lake juu ya reflekta, akapiga kiki, akaondoka kuelekea Bumala, mgongo wake giza tupu.