Siku moja maishani mwangu: amplifaya ya 1976 mezani

Saa 2:00 asubuhi

Amplifaya iko mezani na waya wake wa umeme haujachomekwa. Utabaki hivyo kwa saa nzima. Ni ya mwaka 1976, wati 45 kila upande kwenye spika za omu 8. Ina magonjwa matatu: upande wa kushoto unapotea sauti ikiwa chini na kurudi ukiiongeza, vitufe vinakwaruza vikizungushwa, na kuna sauti kama mvua nyembamba juu ya bati, inayosikika hata muziki ukiwa umezimwa.

Kwanza natazama nyuma, volti zilizoandikwa pale. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, vya Marekani 120. Ukichomeka kimoja chao kwenye 230 bila kutazama unaweza kuipoteza transfoma, na hicho ndicho kifaa kigumu kuliko vyote kukipatia mbadala. Kisha fyuzi. Kioo chake kikiwa na weusi ndani, palikuwa na shoti kubwa. Waya ukiwa umekatika bila weusi, mara nyingi ni uchovu tu. Ukikuta fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye chasisi, au imezungushiwa karatasi ya bati, pima transista za nguvu, zile zinazosukuma spika, kabla ya jambo lingine lolote: mita kwenye alama ya dayodi, kati ya miguu yake miwili, kolekta na emita. Ikilia, transista hiyo imeungua.

Hapa zote nne ni nzima. Napiga picha kila waya na kila kiunganishi, karibu na kwa mbali. Picha thelathini si nyingi.

Saa 3:00 asubuhi

Sasa umeme, lakini kupitia balbu. Ni balbu ya zamani ya waya, ile inayopata moto, wati 60, iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa umeme wa amplifaya. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, kwa sababu kinachotulinda ni waya wa balbu wenyewe: ukipata moto, ukinzani wake unapanda na kuubana umeme.

Nawasha. Balbu inamulika kwa ukali kwa muda wa kufumba na kufumbua, kapasita kubwa, zile zinazohifadhi chaji ya umeme, zikijaa, kisha inafifia mpaka unabaki wekundu hafifu wa waya. Hiyo ni afya. Ingebaki kuwaka kwa nguvu ningezima papo hapo, maana kuna shoti mahali, na balbu imeshaokoa transista ambazo fyuzi isingeziokoa. Fyuzi ni nzito kukatika. Transista huungua kwanza.

Spika hazijafungwa bado. Napima volti za moja kwa moja kwenye vituo vya spika: kulia milivolti 11, kushoto 64. Chini ya 20 ni vizuri, mpaka 50 inavumilika. Ikifika volti nzima, usithubutu kufunga spika. Hiyo 64 ya kushoto naiandika kwenye daftari, kwa sababu nahisi ina undugu na ile mvua ya bati.

Saa 4:00 asubuhi

Jaribio fupi ambalo wengi wanaliruka: nafunga spika mbovu za majaribio, nashusha sauti mpaka sifuri, nasikiliza. Mvua ya bati haijapungua hata kidogo. Basi chanzo chake kiko baada ya kitufe cha sauti, yaani, kwa mpangilio wa chombo hiki, kwenye amplifaya ya nguvu, sehemu ya mwisho inayosukuma spika, wala si kwenye sehemu ya santuri au ya besi na trebo. Dakika mbili za kusikiliza zimeondoa nusu ya bodi kwenye orodha ya washukiwa.

Mngurumo nao una lugha yake. Palipo na umeme wa hezi 50, mngurumo mzito wa hezi 50 hutokana na waya wa ardhi au kebo mbaya. Ule wa 100, wenye ukali zaidi, unaelekeza kwenye kapasita kubwa za kuchuja. Hapa hakuna hata mmoja. Kwa hiyo zile kapasita mbili za mikrofaradi 10,000 sitazigusa. Naona watu wanang'oa kila kapasita kwa sababu tu ya umri, halafu wanaanza kutafuta hitilafu walizozileta wenyewe.

Kabla ya kuingiza mkono, natoa umeme na kumwaga chaji ya kapasita hizo kwa rezista ya kilo-omu 1, wati 5, naishikilia dakika nzima kwa kila moja, kisha napima. Kufanya shoti kwa bisibisi kunatoa cheche, kunachimba vituo vya kapasita, na mara nyingine kunaua kingine jirani.

Saa 4:30 asubuhi

Usafi. Kwa vitufe vya kuzungusha natumia dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme yenye kilainishi, kidogo tu, kupitia uwazi ulio karibu na miguu ya kitufe, kisha nazungusha mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Mafuta ya kawaida ya kulegeza kutu hayafai: hukusanya vumbi, na baada ya miezi kitufe kinakuwa kibaya kuliko mwanzo. Swichi zote nazibonyeza mara thelathini vilevile, na hasa ile ya kusikiliza kanda. Sauti yote inapita ndani yake, hata kama hakuna aliyeigusa miaka arobaini, na kwa sababu hiyohiyo ya kutoguswa ndiyo yenye uchafu mwingi.

Kisha rilei, swichi ya umeme inayounganisha spika, ile inayolia "tak" sekunde chache baada ya kuwasha. Ugonjwa wa upande unaopotea sauti ikiwa chini kwa kawaida unakaa hapa au kwenye swichi. Nyuso za mguso zimefunikwa na utando mwembamba. Sauti ndogo haina nguvu ya kuupenya, sauti kubwa inautoboa, ndiyo maana upande unarudi ukiongeza. Nafungua kifuniko cha rilei, nakata ukanda wa karatasi nyeupe, naulowesha kwa pombe ya isopropili, naubana katikati ya nyuso na kuuvuta. Mstari mweusi unabaki kwenye karatasi. Narudia mpaka karatasi itoke nyeupe. Msasa hapana: unakwangua tabaka jembamba la juu, na rilei itachafuka upesi zaidi. Nyuso zikiwa zimechimbika, weka rilei mpya yenye volti zilezile za koili na ampea zisizopungua za zamani.

Saa 7:00 mchana

Gundi. Viwandani walizibandika kapasita kwenye bodi kwa gundi ya rangi ya maziwa. Kwa joto la miaka mingi inageuka kahawia, inaanza kupitisha umeme, na inakula chuma. Chini ya kapasita mbili za sehemu ya volti tulivu naikuta, ngumu kama kigaga cha kidonda. Naikwangua kwa kijiti cha mwanzi na isopropili. Chini yake kuna dayodi ndogo ya zena, inayoshikilia volti zisibadilike. Mguu mmoja umekuwa wa kijani, na nikiugusa kwa ncha ya kijiti unakatika. Ilikuwa bado inafanya kazi asubuhi. Ingeweza kudumu mwezi, au siku tatu.

Zena mpya ya volti zilezile inaingia, pamoja na kapasita mbili zilizokuwa juu ya gundi na nyingine sita ndogo zilizosimama karibu na rezista zenye moto. Hizo ndizo zinazokauka. Kapasita ya umajimaji inapungukiwa maisha karibu nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, hivyo jirani wa rezista ya moto huzeeka mapema. Naweka mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, za nyuzi 105. Nabadilisha moja moja: natoa, naweka, nakagua alama ya hasi, ndipo naenda kwa inayofuata. Picha za asubuhi zinaamua ubishi wowote wa chanya na hasi, kwa sababu maandishi ya bodi za zamani hayaaminiki kila mara.

Pasi ya kulehemu iko kwenye nyuzi 340, waya wa kulehemu ni wa 63/37, bati 63 na risasi 37. Sekunde mbili au tatu kwa kila mguu, zaidi ya hapo njia ya shaba inabanduka. Bodi za wakati ule zimeshikwa na gundi dhaifu kuliko za leo.

Saa 8:30 mchana

Sasa mvua ya bati. Mwanzoni mwa amplifaya ya nguvu kuna transista mbili zilizo pacha, hapa 2SA726, na miguu yake imekuwa myeusi. Aina hii inajulikana kwa kelele ikizeeka. Napuliza kigandishi kidogo kwenye mojawapo ya upande wa kushoto; mvua inakatika sekunde tano, kisha inarudi. Ushahidi tosha.

Mbadala ni KSA992. Nimepima kumi na kuchagua jozi zenye ukuzaji unaokaribiana, tofauti isiyozidi asilimia 5. Mpangilio wa miguu nauhakiki kwa mita hata kama nina hakika nao. Nabadilisha pande zote mbili, na kila jozi naigusanisha uso kwa uso ili zipate joto kwa pamoja. Nikiwasha tena kupitia balbu, kushoto panasoma milivolti 8. Undugu ule ulikuwepo kweli.

Saa 10:00 jioni

Bayasi, yaani umeme mdogo unaopita kwenye transista za nguvu wakati wa ukimya. Ikiwa chini mno sauti ndogo inakuwa na ukakasi. Ikiwa juu mno transista zinaungua. Trima, virekebishi vidogo vya bayasi, za zamani ni za wazi, zina kutu, na katika saketi nyingi trima ikipoteza mguso wa katikati, bayasi inaruka juu kabisa na transista zinakwisha palepale. Kwa hiyo nazibadilisha. Kabla ya kutoa ya zamani napima ukinzani wake jinsi ilivyokaa, na mpya naiweka upande wa bayasi ndogo.

Mita inashikwa kwenye ncha mbili za rezista ya emita, omu 0.33. Kitabu cha mafundi kinataka milivolti 10, sawa na miliampea 30 hivi. Sasa balbu ya ulinzi inaondolewa, kwani vipimo vya bayasi kupitia balbu ni vya uongo. Sauti sifuri, bila spika. Naanzia milivolti 6, nasubiri dakika 15, napandisha hadi 9, nasubiri tena kifuniko kikiwa kimeegeshwa juu, ndipo namalizia 10. Haraka hapa haina faida yoyote, kwa kuwa namba inatembea na joto.

Saa 1:30 usiku

Spika nzuri zimefungwa, gramafoni imesogezwa. Sindano ni ya Ortofon 2M Red. Mizani ndogo ya uzito wa sindano inasoma gramu 1.8. Mwendo naukagua kwa diski ya mistari: chini ya taa ya hezi 50, mistari 180 inaonekana imesimama tuli kwenye mizunguko 33⅓. Waya wa ardhi wa gramafoni unafungwa kwenye skrubu yake, la sivyo mngurumo.

Nabonyeza mono kwanza. Sauti ya mwimbaji inasimama katikati ya spika mbili, haiegemei popote, hata kitufe kikiwa karibu na sifuri, mahali upande wa kushoto ulipokuwa unapotea. Kisha stereo, na nyimbo za mwisho wa upande, karibu na kitovu cha santuri, ambako herufi "s" huchanika kwa urahisi. Leo zinatoka safi. Katikati ya wimbo mmoja kuna kituo kifupi, wanamuziki wote wamenyamaza, na mtu anasikika akivuta pumzi kabla ya kuingia tena. Asubuhi pumzi hiyo ingekuwa chini ya mvua.

Saa 4:00 usiku

Sindano imeinuliwa, amplifaya imetulia dakika kumi. Nainua kifuniko na kuweka kiganja karibu na bapa la kupoza la kushoto, kisha la kulia. Joto ni lilelile. Mita: 10.2 na 9.9. Naandika namba hizo na tarehe kwenye kikaratasi, nakibandika ndani ya kifuniko kwa atakayefungua baadaye, na kufunga skrubu zote sita.