Saa za kukaa na moyo wa mwanamke anayekoma hedhi

Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi akienda kumwona daktari, mazungumzo huwa ni ya joto la ghafla, usingizi unaokatika na hedhi isiyotabirika. Moyo hutajwa kwa nadra. Pengo hilo linanisikitisha, kwani ndiyo miaka ambayo moyo unahitaji kuangaliwa zaidi. Wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na estrojeni, homoni ya kike, inaposhuka, kolesteroli mbaya hupanda, hasa katika kipindi kinachoizunguka hedhi ya mwisho, mafuta hujikusanya tumboni, na kuta za mishipa ya damu huanza kukakamaa.

Kukaa kwa muda mrefu huzidisha hali hiyo. Misuli mikubwa ya miguu isipofanya kazi, sukari na mafuta huchelewa kuondoka katika damu baada ya mlo, na mtiririko wa damu miguuni hupungua. Hili la mtiririko lina uzito wa pekee, kwa sababu msuguano wa damu inayopita ndio unaouchochea utando wa ndani wa mshipa utoe oksidi ya nitriki, ambayo huulegeza mshipa ili utanuke. Estrojeni nayo huchochea utando huohuo. Kwa hiyo mwanamke aliyekoma hedhi, naye akawa anashinda kitini, mishipa yake hupungukiwa na vichocheo viwili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1953 mtafiti wa afya wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya London waliugua moyo zaidi kuliko makondakta, ambao kutwa walikuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi hayo ya ghorofa. Wote hao walikuwa wanaume. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu wanawake waliokwisha kukoma hedhi, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha zaidi ya wanawake 70,000, uliona kuwa waliokaa saa 10 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa iliyo juu kwa takribani asilimia 18 kuliko waliokaa saa 5 au pungufu, hata baada ya kuzingatia mazoezi yao.

Sisemi kwamba mazoezi hayana maana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nami nayaunga mkono kwa moyo wote. Ninachosisitiza ni kwamba matembezi ya asubuhi yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kukaa hadi jioni. Inuka kila baada ya nusu saa hivi, utembee dakika chache, na kama magoti yanauma, shika meza usimame na kukaa polepole mara kadhaa. Ukienda kliniki, omba upimwe shinikizo la damu, sukari na kolesteroli, kisha mweleze daktari unakaa saa ngapi kwa siku, hata asipokuuliza.