Tunaongea Kiswahili Kimoja, Kazi Tunaifanya Tofauti

Mfanyakazi mpya anapokuja ofisini kwetu Arusha kutoka Ulaya au Asia, maandalizi huwa makubwa. Anaelezwa namna ya kusalimia wakubwa na kutumia mkono wa kulia anapopokea kitu, na kwa miezi kadhaa kila mtu humvumilia anapokosea. Anapokuja Mkenya, Mganda au Mrundi, hakuna anayejisumbua: anakabidhiwa kompyuta, anaoneshwa mahali pa chai, basi. Kwa maoni yangu, huyu wa pili ndiye anayehitaji kuandaliwa zaidi, naye si peke yake, kwani sisi tunaompokea tunahitaji maandalizi hayo vilevile. Kwa kuwa sura zinafanana na lugha ni moja, tunadhani tumekwisha kuelewana, na tofauti inapojitokeza hatuioni kuwa ni ya utamaduni bali tunaiita tabia mbaya. Mkenya anaambiwa ana kiburi, Mtanzania anaambiwa ni mzito, na Mganda anayejibu kwa Kiingereza anaambiwa anajisikia.

Hata wataalamu wametuchanganya. Geert Hofstede, Mholanzi aliyechunguza tamaduni za kazini kwa kutumia majibu ya wafanyakazi wa IBM yaliyokusanywa kati ya mwaka 1967 na 1973, alizijumuisha Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia katika kundi moja aliloliita Afrika Mashariki. Nchi nne zikapewa alama moja: 64 kwa namna watu wanavyokubali tofauti ya madaraka kati ya mkubwa na mdogo, na 27 kwa kiwango cha mtu kujitegemea badala ya kuegemea kundi lake. Alama hizo bado zinaoneshwa kwenye semina za uongozi hapa mjini, na kila ninapoziona najiuliza ni meneja gani aliyewahi kukaa kikaoni na Mnairobi na Mdodoma akaona kwamba wanamheshimu bosi kwa namna ileile.

Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ianze kutumika Julai 2010, ofisi za mchanganyiko zimekuwa jambo la kawaida, hasa katika mji huu wenye makao makuu ya Jumuiya. Yetu ni ya kusafirisha mizigo. Mkuu wetu wa operesheni, dada mwenye bidii kubwa kutoka Nairobi ambaye wote tunamwita Madam, alileta ratiba mpya ya malori yanayopita Namanga. Aliieleza vizuri, kwa takwimu, akauliza kama kuna swali. Kimya. Akamgeukia msimamizi wa ghala, mtu mzima anayemzidi umri kwa mbali na ambaye kila mtu, tangu mlinzi hadi mkurugenzi, humwita Mzee. Mzee akajibu kwa upole, "Tumekusikia, Madam. Tutalifanyia kazi." Madam akashukuru, akaandika kwenye muhtasari kwamba ratiba imekubaliwa, na kikao kikafungwa.

Watanzania wote waliokuwa mle ndani walijua kwamba ratiba ilikuwa imekataliwa. Ilitaka magari yapakiwe Ijumaa kuanzia saa sita mchana, wakati zaidi ya nusu ya wapakiaji wako msikitini. Mzee aliliona hilo tangu dakika ya kwanza, lakini kumpinga mkubwa wake mbele ya vijana, tena mkubwa mgeni na mwanamke anayejitahidi, kwake lingekuwa ni kumvunjia heshima. Aliamini kwamba amefikisha ujumbe, akawa anasubiri kuitwa pembeni aeleze sababu. Hakuitwa. Ijumaa iliyofuata magari yakapakiwa kwa ratiba ya zamani, Madam akaona amehujumiwa, na barua pepe yake ya siku hiyo, iliyoanza bila salamu wala neno la utangulizi, ikasomwa ghalani kama tusi.

Hapo hakukuwa na mtu mwovu. Mmoja amekulia katika mazingira ambamo swali la kikaoni ni mwaliko wa kweli, na anayenyamaza amekubali. Mwingine amekulia mahali ambapo kikao huthibitisha yale yaliyokwisha kuzungumzwa kando, na mwenye busara hapingi hadharani. Sababu za tofauti hii hazijajificha. Tanzania ilijengwa juu ya Kiswahili shuleni, ofisini na chamani, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 waziri na karani wote waliitwa ndugu, jambo ambalo kwa namna yake lilifundisha watu kulinda undugu huo hata wanapotofautiana. Kenya ilifuata njia ya ushindani wa kibiashara, na Kiingereza kikabaki lugha ya mtihani na ya ofisi, lugha ambayo mtu huitumia kusema jambo lake akamaliza. Kisha Jumuiya ya kwanza ikavunjika mwaka 1977, mpaka ukafungwa hadi 1983, na kila upande ukalea kizazi kizima kilichomjua jirani yake kwa kusimuliwa.

Haya ni maelezo ya jumla, na yana mipaka yake. Mwenzetu aliyetoka Mombasa anaelewana na Mzee kuliko anavyoelewana na Madam, na mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kukupa jibu kavu kuliko Mnairobi yeyote.

Kwa Waganda jambo hubadilika tena. Kwa muda mrefu Kiswahili nchini mwao kilihusishwa na jeshi na polisi, na kumbukumbu za utawala wa Idi Amin ziliongeza uchungu huo. Mtanzania anayemsisitizia mwenzake kutoka Kampala aongee Kiswahili anadhani anamkaribisha nyumbani. Mwenzake, hasa akiwa mtu mzima, anaweza kusikia sauti ya kizuizi cha barabarani. Nimeona wafanyakazi wakimnunia mhasibu kwa wiki nzima kwa jambo hili, na hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Christopher Earley na Soon Ang, walioiweka dhana ya uelewa wa tamaduni mezani mwaka 2003, hawakuishia kwenye kujua mila za watu. Walitaja pia ari ya kutaka kuelewa na uwezo wa kubadili mwenendo wako mwenyewe. Hili la mwisho ndilo linalorukwa katika semina zetu, ambako tunafundishwa orodha ya mila, tunakunywa soda, tunapiga picha ya pamoja na kurudi kazini tulivyokuwa.

Kilichosaidia kwetu kilikuwa kidogo na cha kuchosha. Madam alianza kupita ghalani siku moja kabla ya kila kikao, akisalimia, akiulizia hali za nyumbani, kisha akiitoa rasimu yake na kumuuliza Mzee ingekwama wapi. Mwanzoni aliona ni kupoteza muda, na alisema hivyo waziwazi. Mzee kwa upande wake alikubali kwamba barua pepe isiyo na salamu si hasira, ni mtu mwenye kazi nyingi, na akaanza kumtumia ujumbe wa sauti kwa simu jioni ileile anapoona jambo haliwezekani. Upakiaji wa Ijumaa sasa unaanza saa tisa.

Kilichobaki ni fomu ya tathmini ya mwaka, ambayo ina kipengele kinachompa mfanyakazi alama kwa kuchangia mawazo kikaoni. Mzee, ambaye hakuna anayeijua mizigo kumzidi, hupata alama za chini hapo kila mwaka, na vijana wanaopenda kusikika hupata za juu. Nilipendekeza kipengele hicho kifutwe, badala yake tupime kama pingamizi la mtu lilimfikia mhusika kabla ya hasara, kwa njia yoyote ile. Aliyepinga ni Madam, na hoja yake ilikuwa na uzito: pingamizi likipita pembeni tu, kijana wa ghalani asiye na umri wala jina la Mzee hataitwa pembeni na mtu yeyote, na atakachokijua kitabaki naye. Baada ya kuvutana tumekubaliana kwamba kipengele cha zamani kibaki kwa wasimamizi, kwa namna ya kupima kama wanawapa walio chini yao nafasi ya kusema, na kwa wafanyakazi wengine kitumike hicho kipya. Rasimu imepelekwa makao makuu, na tathmini inayofuata ni Januari.