Nilivyopima nyumba ya 1934 mjini Jinja kwa skana ya leza

Mwenye nyumba alinipigia simu akitaka vipimo vya jengo lake kabla ukuta wa mbele haujavunjwa. Ni nyumba ya ghorofa moja, mtaa wa nyuma ya Main Street pale Jinja, Uganda: duka chini, vyumba juu, baraza ya mbao inayotazama barabara, na 1934 imechorwa kwa lipu juu ya dirisha la kati. Nyumba kama hizi zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na wengi wao waliziacha mwaka 1972 Idi Amin alipowapa siku 90 za kuondoka nchini. Huu ukuta ulikuwa umeinamia barabarani, na mhandisi aliyeukagua alishaandika uvunjwe wote.

Nikamwomba mwenye nyumba anipe siku tatu kwanza.

Nina sababu ya kung'ang'ania. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nilikuwa mwanafunzi Kampala, na kesho yake nilipanda kilima cha Kasubi nikakuta Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya nyasi yenye makaburi ya makabaka, yaani wafalme wa Buganda, imebaki majivu na nguzo nyeusi. Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882, na makabaka wanne wamezikwa mle. Baadaye nikasoma kwamba CyArk, shirika linalohifadhi vipimo vya majengo ya kihistoria, lilikuwa limeipima kwa leza mwaka mmoja tu kabla ya moto. Nyasi zilikwisha, lakini umbo la ile nyumba lilikuwa limehifadhiwa mahali. Tangu hapo sikubali jengo la zamani liguswe kabla halijapimwa lote.

Skana unaisimamisha kwenye miguu mitatu, inazunguka yenyewe huku ikirusha miale na kupima umbali hadi kila kitu inachokigonga. Kwa dakika nne au tano unapata mamilioni ya nukta. Kisha unahamia kituo kingine, maana haioni nyuma ya nguzo wala nyuma ya mlango. Mwishoni programu inaunganisha vituo vyote viwe wingu moja la nukta, na hapo ndipo ugumu ulipo: kila kituo lazima kione sehemu kubwa ya kile kilichokitangulia.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilipima chini yote, nikapanda ngazi nyembamba yenye giza kwa vituo viwili tu, nikapima juu. Giza lenyewe halina shida, leza haihitaji taa. Shida ilikuwa kwamba chini na juu viliunganishwa na kile kijingazi peke yake, na jioni nilipofungua laptopu, sakafu ya juu ilikuwa imejipinda kwa sentimita tatu ikilinganishwa na ukuta wa nje. Kosa dogo la kila kituo linabebwa hadi kituo kinachofuata. Ukitafuta ukuta ulioinama, sentimita tatu za uongo zinatosha kuvunjisha nyumba ya mtu.

Kesho yake nilibandika karatasi za alama nyeusi na nyeupe kwenye kuta, nikazipima kwa mashine ya kawaida ya mpima ardhi. Nikafungua madirisha yote ya juu, nikasimamisha skana barazani na ng'ambo ya barabara, ili ndani na nje vionane. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla boda boda hazijajaa, maana kila anayepita anaacha kivuli cha nukta ukutani.

Dukani kulikuwa na Hajati anayeuza gomesi na vitenge, mwenye kioo kikubwa cha wateja. Nilipoangalia data ya siku ya kwanza, nyuma ya kile kioo kulikuwa na chumba kizima ambacho hakipo duniani, kimejengwa na miale iliyorudishwa. Nikamweleza. Hakuuliza mara mbili, alishusha kitenge cha buluu kutoka rafuni, akakifunika kioo mwenyewe, akasema, "Haya mwanangu, pima. Nyumba hii imenilelea watoto."

Vituo vikafika 46. Safari hii vilikubaliana ndani ya milimita nne.

Nikaupaka ukuta wa mbele rangi kwenye kompyuta kulingana na unavyoachana na wima. Chini ulikuwa sawa kabisa. Juu pia, isipokuwa kona ya kaskazini, karibu na bomba la maji ya paa: upana wa mita tatu hivi, kuanzia usawa wa sakafu ya juu kwenda juu, umetoka milimita 58. Fundi mwashi wetu, mzee aliyejenga maisha yake yote, alitazama ile picha kimya. Akachukua timazi lake, akapanda barazani, akaning'iniza uzi, akasubiri ule uzito utulie, akapima kwa rula. "Sita kasoro kidogo," akasema. Kuanzia hapo alikuwa upande wangu.

Skana haioni ndani ya ukuta, na ninasisitiza hili kwa kila mwenye jengo. Ilituonyesha mahali pa kufungua tu. Tulibandua lipu pale mwinamo unapoanza, tukakuta ncha za boriti nne zimeoza: gata ilivuja miaka, mchwa wakamalizia. Ukuta wenyewe, matofali na chokaa, ulikuwa mzima. Ulikosa tu cha kuushika.

Mwenye nyumba alimpelekea mhandisi michoro, naye, kwa heshima yake, alibadilisha ushauri wake. Tukategemeza kona, tukabadilisha zile boriti, tukafunga ukuta kwenye sakafu kwa vyuma, tukaweka gata mpya. Hatukujaribu kuunyoosha, milimita 58 zimebaki palepale.

Baada ya mvua za Aprili na Mei nilirudi na skana, nikasimama kwenye vituo vilevile vya mbele. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa milimita mbili, ambazo mashine yenyewe inaweza kukosea. Hajati alikuwa ameshakifunika kioo kabla sijafika.