Mjomba, Zege Si Aibu

Juzi usiku mjomba wangu wa Tanga alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la ukoo, akilalamika kwamba nilisomeshwa hadi chuo kikuu ili nije Ufaransa kubeba zege. Niliusikiliza ndani ya treni nikitoka kazini, buti zangu zikiwa bado zina saruji, na uliniuma kiasi cha kushindwa hata kumwamkia. Ninamjibu hapa, kwa kuwa wanaofikiri kama yeye ni wengi.

Shikamoo mjomba. Ile picha ya msikiti wa Hassan II wa Casablanca uliyoitundika sebuleni, wenye mnara wa mita 200 hivi, ni ya jengo lililosimamishwa na kampuni ya Kifaransa ya Bouygues na kufunguliwa mwaka 1993. Mwanzilishi wake, Francis Bouygues, alikuwa mhandisi aliyeianzisha mwaka 1952, wakati Ufaransa ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba baada ya vita, naye akajijengea jina kwa majengo ya makazi ya zege. Kampuni hiyo ndiyo iliyojenga pia uwanja wa mpira wa Parc des Princes wa Paris, uliokamilika mwaka 1972, na ule wa Stade de France, uliojengwa kwa kushirikiana na wakandarasi wengine, ukafunguliwa mwaka 1998. Fedha za ujenzi zilizaa mambo mengine: mwaka 1987 kampuni ilishika usukani wa televisheni ya TF1, na mwaka 1996 ikaingia katika simu za mkononi.

Lakini ninalolitaka ulisikie ni la mwaka 1963. Mafundi wazuri walikuwa adimu, na aliyeahidiwa malipo zaidi kidogo na kampuni nyingine alihama. Bouygues akaunda daraja la heshima la mafundi wake bora, Compagnons du Minorange, lenye vyeo na nembo, ili fundi wa zege ajulikane kuwa fundi. Kwetu, mjomba, fundi huambiwa apitie mlango wa nyuma, hupewa chai kwenye kikombe cha peke yake, na malipo yake hukatwa kwa maneno. Kiasi anachorudi nacho saidia fundi jioni unakijua.

Jirani yangu wa hapa, mzee wa Mali aliyestaafu, aliipata nembo hiyo. Jumapili moja alinialika chakula, na baada ya kunawa akaitoa kutoka ndani ya leso iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani bila kusema neno. Baadaye alinifundisha kugonga kwa nyundo mbao zinazoshikilia zege na kusikiliza: sauti ya ndani ikiwa tupu, zege halijajaa kona, na mashine ya kutetemesha irudishwe pale. Profesa hakunifundisha hilo.

Sitawaficha upande wa pili. Heshima hiyo ni ya walioajiriwa moja kwa moja, na wengi wetu wageni tunaingia kwa kampuni ndogo zinazopewa kipande cha kazi, au kwa mawakala. Mimi mwenyewe nilifanya kazi kwa mkandarasi mdogo mmoja aliyenicheleweshea mshahara wa miezi miwili, nikakopa nauli. Hata wakubwa wamefika kortini: mwaka 2015 mahakama ya Cherbourg iliitoza Bouygues faini ya euro 25,000 kuhusu wafanyakazi wa Poland na Romania katika ujenzi wa kinu cha nyuklia cha Flamanville, baadhi yao wakiwa wameletwa kupitia wakala, na kesi hiyo ikazua maswali yaliyofika hadi mahakama ya Umoja wa Ulaya.

Kwa hiyo kijana unayefunga mizigo, jifunze kwanza ufundi mmoja hadi mkono uuzoee, kisha Kifaransa cha kusomea mkataba. Hapa kila mfanyakazi wa ujenzi hutakiwa kuwa na kadi ya utambulisho ya sekta hiyo, na anayeiomba ni mwajiri. Bosi akikwambia uanze leo, kadi ataiomba baadaye, rudi nyumbani. Tunza kila hati ya mshahara, kwa sababu ndiyo iliyonisaidia kudai miezi yangu miwili.

Mjomba, Jumatatu tunamwaga sakafu ya ghorofa ya nne. Nitakuwa pale saa 1 asubuhi na nyundo ya yule mzee mkononi, na nikimaliza nitakupigia.